NANI ANABISHA HODI? Historia Fupi ya Kumtunza Mzazi Katika Nyanda za Juu Kusini



Mtu akisikia kikundi cha akiba cha akina mama kimetimiza miaka kumi, hutegemea kusoma habari za hisa, mikopo na marejesho. Hayo yamo katika kurasa nyingine za kijitabu hiki, na mweka hazina ameyaeleza kwa tarakimu zake. Sisi tuliopewa kazi ya historia tumeonelea tuandike juu ya jambo ambalo kwenye daftari la hesabu linakaa mstari mmoja tu, nalo ni kumtunza mwenzetu anapokuwa amejifungua.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Humu tukisema "mzazi" tuna maana ya mama aliyejifungua karibuni, kama mabibi zetu wanavyolitumia mpaka leo: twende tukamwone mzazi. Mama akiwa mjamzito kila mtu anamwangalia. Anapewa kadi, anapimwa, anaulizwa hali. Mtoto akishazaliwa macho yote yanahamia kwa mtoto. Mzazi mwenyewe anaingia chumbani, mlango unarudishwa, watu wanadhani yameisha. Kumbe bado. Kutoka damu nyingi baada ya kujifungua ndiko kunakoongoza kwa kuua akina mama wazazi duniani. Kwa upande wa watoto, Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa kati ya wanaokufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja, kama robo tatu hufa ndani ya wiki ya kwanza. Kwa hiyo swali la historia hii ni dogo: mlango ukisharudishwa, nani anabisha hodi?

Zamani: nyumba iliyojaa watu

Neno arobaini tulilipokea pamoja na Kiswahili cha pwani, lakini jambo lenyewe halikuwa geni huku kwetu. Kila kabila lilikuwa na kipimo chake. Wengine walihesabu mpaka kitovu cha mtoto kikatike, wengine mpaka mama apate nguvu ya kushika jembe. Katika siku hizo mzazi hapiki, hachoti maji, habebi kuni. Kazi hizo zina wenyewe: mama yake mzazi, mama mkwe, shangazi, mawifi, na mkunga aliyempokea mtoto. Kuna anayechemsha maji ya kumkanda, kuna anayekoroga uji wa ulezi, kuna anayeleta kuku. Kwa uzazi wa kwanza, mahali pengi binti alirudi kwao akajifungulie kwa mama yake, maana mtu haoni haya kumwamsha mama yake usiku amletee maji ya kunywa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mzazi hakuwekwa katika methali hiyo.

Si kila mahali msaada ulitoka kwa ukoo. Unyakyusa, vijana wa kiume wa rika moja walikuwa wanajenga kijiji chao peke yao, kando ya wazazi wao, na walipokua walioa wakaleta wake zao hapo hapo. Mama Monica Wilson, mtaalamu wa mila kutoka Afrika ya Kusini aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1930, aliandika habari za vijiji hivyo vya rika katika kitabu kilichotoka mwaka 1951. Mwiko kati ya mwanamke na baba mkwe wake ulikuwa mkali, hata kukutana njiani ilikuwa lazima mwanamke apishe pembeni. Sasa tufikirie mke wa kijana katika kijiji kama hicho. Jirani zake wa karibu ni wake wa wenzake mumewe, wanawake ambao hawakuzaliwa naye wala hawana ukoo naye. Kama ni hodi, hao ndio walio mlangoni. Tunajifunza hapo kwamba watu wa kumtunza mzazi si lazima wawe wa damu moja. Wanaweza kuwa majirani, ilimradi kila mmoja anajua kwamba leo ni zamu ya mwenzake na kesho ni yake.

Lakini tusiwasifu wazee kupita kiasi. Mahali pengi dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano, yalikamuliwa yakamwagwa kwa kudhaniwa ni machafu, kumbe ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Kitovu kilipakwa vitu ambavyo leo mkunga yeyote atavikataza. Na damu ilipokataa kukatika, dawa za miti shamba hazikutosha. Mzazi alikuwa na watu wengi wa kumkanda, ila hakuwa na wa kumwongeza damu.

Nyumba ikaanza kupungua watu

Halafu watu wakaanza kuondoka. Katika miaka ya 1920 na 1930 wanaume wengi wa mikoa yetu walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, huko Chunya. Wengine, hasa kutoka upande wa Iringa na Njombe, walifuata mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wanyakyusa wengi walichukuliwa na Wenela kwenda migodi ya Afrika ya Kusini, mpaka Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 na serikali mpya ikaifunga njia hiyo. Chai ya Mufindi na Rungwe nayo ilihitaji vibarua. Kila mwanamume aliyeondoka aliacha jembe lake, na waliolichukua ni wanawake wale wale waliokuwa wakitegemewa kumkandia mzazi maji.

Mwaka 1974 ikaja Operesheni Vijiji. Watu walihamishwa, wengine kwa hiari na wengine kwa nguvu, wakapangwa katika vijiji vikubwa kando ya barabara. Kwa mzazi jambo hili lilikuwa na pande mbili. Shule na zahanati zilisogea karibu, na jirani akawa umbali wa kuitana. Lakini kuna waliotengwa na koo zao na mashamba yao, wakaanza kufahamiana na watu upya.

Kisha reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, na barabara kuu ya Zambia vilikuza miji: Makambako, Mafinga, Mbeya. Vijana wakahamia kwenye vyumba vya kupanga. Hapo tukapata mzazi wa aina mpya, ambaye mabibi zetu hawakumjua: binti aliyejifungua katika chumba kimoja cha kupanga Mwanjelwa, mume yuko safarini na lori, mama mzazi yuko Makete, nauli ni ya kutafuta, na jirani wa chumba cha pili hata jina lake halijui. Arobaini ya binti huyu inaisha siku ya nne, anapotoka mwenyewe kwenda bombani na ndoo.

Tena ukaja Ukimwi. Hatuwezi kuandika historia ya akina mama wa Mbeya na Iringa tukauruka. Utafiti wa taifa wa 2007-08 ulionyesha kuwa katika Mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulikuwa bado pamoja na Njombe, karibu watu 16 kati ya 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na virusi. Ndio ulioongoza nchini. Mbeya nayo, ikiwa bado pamoja na Songwe, ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi. Wanawake ambao leo wangekuwa mashangazi na mama wakwe wa wazazi wetu, wengi tuliwazika. Bibi aliyebaki alikuwa na wajukuu wa kulea, hakuwa na mkono wa ziada wa kumpa mzazi.

Ukimwi ulileta na jambo jingine, nalo ni hofu ya wageni. Mzazi aliyeshauriwa kutomnyonyesha mtoto, kama ilivyokuwa kwa baadhi ya akina mama katika miaka ya mwanzo ya huduma ya kuzuia maambukizi kwa mtoto, alijua kuwa kila atakayeingia ataliona kopo la maziwa na kuondoka na maneno. Kwa hiyo alifunga mlango kwa ndani. Kuanzia 2013 utaratibu ulibadilika nchini: mama mjamzito au anayenyonyesha akikutwa na virusi alianzishiwa dawa mara moja, aendelee nazo maisha yake yote, huku akinyonyesha. Jambo hilo limeokoa watoto wengi. Lakini somo la mlango uliofungwa kwa ndani halijapitwa na wakati: anayebisha hodi asipojua kutunza siri, ni afadhali asibishe.

Kliniki: mengi mazuri na pengo moja

Hatuwezi kusema serikali haikufanya kitu. Huduma za afya ya mama na mtoto zilianzishwa kitaifa mwaka 1974, na tangu hapo neno kliniki likaingia katika kila lugha ya makabila yetu. Mwaka 1983 Mkoa wa Iringa ulichaguliwa kuwa mahali pa mpango wa lishe ulioendeshwa na serikali yetu pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Akina mama wenye umri mkubwa kati yetu wanaikumbuka Siku ya Afya ya Kijiji: kila baada ya miezi mitatu watoto wa chini ya miaka mitano wanapimwa uzito mbele ya kijiji, halafu wanakijiji wenyewe wanajadili kwa nini huyu amepungua na nini kifanyike. Utaratibu wake ulikuwa hatua tatu: kupima, kuchambua, kutenda. Katika vijiji 168 vya mwanzo, watoto wenye utapiamlo mkali walishuka kutoka 6.3 kwa kila mia mwaka 1984 hadi 1.8 mwaka 1988. Wataalamu wa nchi nyingi walikuja Iringa kujifunza.

Jambo moja lililojitokeza wazi katika mijadala ile ni kwamba ugonjwa wa mtoto mara nyingi ulianzia kwenye mzigo wa kazi wa mama. Mama anayelima tangu alfajiri, akarudi na kuni kichwani, hana muda wa kumlisha mtoto mara nyingi kwa siku. Ndiyo maana vijiji viliwekewa vituo vya kulelea na kulishia watoto wakati mama yuko shambani. Hilo ni jambo kubwa. Lakini mizani ilikuwa ya mtoto. Mama hakupanda juu yake.

Mwaka 1987 ulifanyika Nairobi mkutano uliozindua juhudi za dunia za uzazi salama. Katika miaka iliyofuata wakunga wa jadi walipewa mafunzo, wakagawiwa vifaa. Baadaye, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, sera ziligeuka: mama azalie kituoni, mikononi mwa mtaalamu. Hatupingi, kwa sababu sindano ya kuzuia damu na kisu cha daktari havipatikani kwenye kibanda. Ila tunaomba jambo moja likumbukwe. Mkunga wa jadi alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza kumpokea mtoto. Ya pili kurudi asubuhi, na kesho yake, na kesho kutwa, kumkanda mzazi na kumtazama. Alipoambiwa aache kazi ya kwanza, mara nyingi na ya pili iliachwa, na hapakuwa na aliyeagizwa kuipokea.

Tazameni tarakimu. Utafiti wa taifa wa 2015-16 ulikuta akina mama 63 kati ya 100 walijifungulia katika vituo vya afya. Lakini waliopimwa afya zao ndani ya siku mbili baada ya kujifungua walikuwa 34 tu. Kufikia utafiti wa 2022 waliojifungulia vituoni walikuwa 81 kati ya 100, na makadirio ya vifo vya akina mama yalikuwa yameshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 hadi 104. Hizi ni habari njema na tunawapongeza wauguzi wetu. Lakini kila mmoja wetu anajua mwenzake aliyetoka wodini asubuhi iliyofuata, akarudi nyumbani kwa bodaboda, asirudi tena kupimwa mpaka siku ya chanjo ya mtoto.

Kwa nini harudi? Hapa mila na kliniki zinagongana bila kujua. Shirika la Afya Duniani linataka mzazi aangaliwe katika saa 24 za mwanzo, siku ya tatu, kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, na wiki ya sita. Wiki sita ni siku 42. Jamani, hiyo si ni arobaini yenyewe? Mabibi zetu na madaktari wamehesabu siku zile zile. Tofauti ni kwamba kliniki inamwambia mama atoke aje, na mila inamwambia akae ndani afuatwe. Zamani alifuatwa kweli. Leo anakaa ndani na hafuatwi, na huku kwetu Juni na Julai baridi ya Mufindi au ya Uporoto si mchezo, nani atamtoa mtoto wa siku tatu kwenye baridi hiyo? Kwa hiyo anakosa vyote viwili.

Sheria nayo imemsaidia mmoja ikamwacha mwingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya siku 84, au 100 akijifungua mapacha, na baba siku 3. Ni haki nzuri. Lakini muuza nyanya wa sokoni, mkulima wa viazi wa Uyole na mchuma chai wa kutwa, barua ya kuomba likizo atampelekea nani?

Sanduku lenye kufuli tatu

Hapo ndipo tunapoingia sisi, akina mama wa vikoba. Kusaidiana hatukukuta kwenye semina. Iringa walikuwa na mgowe, watu wanaitwa kulima shamba la mmoja, wanakunywa pombe, kesho wanahamia kwa mwingine. Upatu tumecheza tangu enzi za mama zetu. Lakini mtindo huu wa hisa, mikopo na sanduku lenye kufuli tatu ulianza mwaka 1991 huko Maradi, nchini Niger, katika mradi wa shirika la CARE, ukiwa na jina la Kihausa la Mata Masu Dubara. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa umeshafika Tanzania, ukapewa jina la vikoba, na ukaenea mpaka serikali ikautungia sheria: vikundi vyetu leo viko chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018.

Wengi wanaangalia hisa. Sisi tunaomba muangalie bahasha ndogo iliyo ndani ya sanduku lile lile, mfuko wa jamii. Kila kikao mwanachama anatoa kiasi kidogo kisichorudi na kisichozaa. Ni fedha ya msiba, ugonjwa na uzazi. Katika vikundi vingi fedha ya uzazi ilieleweka kuwa ni pongezi: khanga, sabuni, kilo ya sukari, wanachama wanakwenda kwa nyimbo, wanapiga vigelegele, wanaondoka. Si vibaya. Lakini pongezi inakuja mara moja, na arobaini ina siku arobaini.

Kuna na ugumu mwingine ambao lazima usemwe. Kanuni za kikoba ziliandikwa kwa mtu mwenye afya. Usipofika kikaoni, faini. Ukichelewesha rejesho, faini. Sasa mwenzetu aliyekopa akiwa na mimba ya miezi mitano, rejesho lake linaangukia wiki ile ile anayolala kitandani. Atafanya nini? Atatoka. Atafungua genge na mtoto wa siku nane mgongoni, ili asionekane msumbufu. Sanduku lililowekwa limwokoe ndilo linalomtoa ndani. Ndiyo sababu kikundi chetu kiliweka kanuni kwamba mzazi hatozwi faini ya kutofika katika arobaini yake, na marejesho yake yanasogezwa mbele bila riba ya ziada. Kuna walionung'unika kuwa eti watu watazaa ili wasilipe. Wanawake waliowahi kuzaa walicheka.

Kama kuna anayedhani haya ni mambo ya huruma tu, asikilize habari za Nepal. Katika wilaya ya Makwanpur, nchi ya milima na njia mbaya kama Ludewa yetu, vikundi vya akina mama vilikaa kila mwezi na mwanamke wa hapo hapo akiongoza mazungumzo juu ya matatizo ya uzazi. Wao wenyewe waliamua la kufanya: wengine walianzisha mfuko wa fedha, wengine walitengeneza machela ya kubebea wagonjwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2004 katika jarida la waganga la Lancet: vifo vya watoto wachanga vilikuwa pungufu kwa asilimia 30 kuliko katika maeneo yasiyo na vikundi. Tafiti nyingine zilifuata India, Bangladesh na Malawi, na mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani likapendekeza vikundi vya akina mama vitumike kwa kazi hii, hasa vijijini ambako huduma ni haba.

Mtandao unavyofanya kazi

Tueleze basi kwa ufupi utaratibu wetu ulivyo, ili na vikundi jirani wachukue watakachoona kinafaa.

La kwanza ni majina. Kusema "kikundi kitamtembelea" maana yake hakuna atakayekwenda. Mwenzetu akifikisha mwezi wa nane anachagua mwenyewe wanachama wawili, anaowaamini, majina yanaandikwa daftarini. Anachagua yeye, kwa sababu ya lile somo la siri.

La pili ni siku. Hao wawili wanakwenda siku ya kwanza akirudi nyumbani, siku ya tatu, siku ya saba, kisha kila wiki mpaka arobaini. Hawaendi kuonyesha nguo. Mmoja anashika ndoo au ufagio, mwingine anakaa na mzazi na kuuliza: damu inatoka kiasi gani? Una homa? Kichwa kinauma sana, au unaona maluweluwe? Kidonda kinanuka? Mtoto ananyonya? Anapumua vizuri? Mwili wake ni wa moto sana au wa baridi? Kitovu kina usaha? Jibu likiwa baya hatutibu sisi. Tunaita usafiri.

La tatu ni usafiri. Fedha ya mfuko wa jamii kwa ajili ya mzazi inatengwa mapema, haisubiri kikao wala washika funguo watatu kukutana usiku. Vilevile kila mwanachama ameandika namba 115 nyuma ya kadi yake ya kliniki. Hiyo ni ya m-mama, mpango wa taifa wa usafiri wa dharura uliozinduliwa mwaka 2022. Kuipiga ni bure, na inamhudumia mjamzito, mzazi, na mtoto mchanga.

La nne ni kazi. Maji, kuni, palizi. Kama uzazi umeangukia msimu wa mvua, wakati mahindi yanadai palizi, wanachama wanakwenda nusu siku shambani kwa mzazi, kama mgowe wa zamani, ila pombe hatupiki.

La tano ni kusikiliza. Kuna mzazi ambaye mwili umepona lakini moyo hauponi. Analia bila sababu, hamtaki mtoto, halali hata mtoto akilala. Wazee walisema amerogwa, wengine wanasema ana madeko. Ni ugonjwa, unaitwa sonona baada ya kujifungua, na unatibika. Wale wawili wakiona hali hiyo inapita wiki mbili, wanamsindikiza kwa mganga wa zahanati. Na akisema anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, hawasubiri kupambazuke.

Yaliyo mbele yetu

Mtandao huu bado una mashimo. Binti wa shule aliyejifungua nyumbani kwa wazazi wake si mwanachama, hana hisa, na mara nyingi ndiye mwenye aibu na upweke kuliko wote. Tangu Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 anaruhusiwa kurudi masomoni baada ya kujifungua, lakini hawezi kurudi kama hakuna wa kumshikia mtoto. Wapangaji wageni nao hawatujui. Akina baba wengi bado wanafikiri arobaini ni mambo ya wanawake, hali mwenye uwezo wa kuchota maji usiku ni yeye aliye ndani ya nyumba.

Kuna na jambo jema. Mwezi Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wawili katika kila kitongoji na kila mtaa, jumla yao 137,294 nchi nzima. Wakifika kwetu, wasitukute tumelala. Mhudumu mmoja hawezi kuwa na mzazi usiku, ila anaweza kuwafundisha wale wawili wetu la kutazama.

Mwisho, tuseme wazi kinachotukera. Kila tunapokaribia kuvunja kikoba, inasikika hoja kwamba mfuko wa jamii upunguzwe ili gawio liongezeke. Hoja hiyo itakuja tena katika mkutano mkuu wa mwaka huu. Tunaiheshimu, hela ni ngumu na kila mtu ana ada ya shule kichwani. Lakini historia tuliyoieleza ina fundisho moja. Mume alipokwenda Lupa, alidhani mama mkwe yupo. Kijiji kilipohamishwa, ilidhaniwa majirani wapya watatosha. Mkunga wa jadi alipoachishwa, ilidhaniwa zahanati itamfuata mzazi nyumbani. Kila mara kulikuwa na mtu mwingine wa kubisha hodi, na kila mara mtu huyo hakuwepo.

Tukiigawana ile bahasha, kila mmoja ataondoka na fedha ya kununua labda khanga moja. Tukiiacha, inakodi gari saa nane ya usiku. Kwa hiyo sisi tulioandika historia hii tunaomba mambo matatu yaingizwe katika katiba ya kikundi kwenye mkutano huo: kiwango cha mfuko wa jamii kisipunguzwe bila theluthi mbili ya wanachama kukubali, kanuni ya mzazi kutotozwa faini iandikwe rasmi, na daftari la matembezi lisomwe kila kikao pamoja na daftari la hisa, ili tujue nani alibisha hodi, wapi, na siku gani.

Miaka kumi ijayo, watakaoandika kijitabu kingine wataanzia kwenye daftari hilo.